Karatasi Moja, Miti Miwili

Kila asubuhi, kabla hata ya kuvaa sare, Kibiriti alikwenda nyuma ya nyumba kuuamkia mti wake. Jina hilo alipewa na kaka yake, kwa sababu hasira zake ziliwaka kwa msuguano mdogo tu. Huko nyuma alimkuta Chiriku, rafiki yake wa mlango wa pili, keshafika na kopo la maji, anaongea peke yake. Kwa nini aliitwa Chiriku, sina haja ya kueleza.

Miti yenyewe ilikuwa bado michanga, kila mmoja ndani ya debe. Wa Chiriku ulikuwa mlangilangi, ule wenye maua ya manjano yanayonukia. Wa Kibiriti uliitwa mti wa maziwa, kwa sababu ukiukata hutoa utomvu mweupe. Bibi yake ndiye aliyeuita hivyo. Bibi alipofariki, nyumba yake iliuzwa, na wenye nyumba wapya wakaufyeka mti uliokuwa mbele ya mlango. Mjomba aliwahi kuokoa tawi moja tu, na tawi hilo ndilo lililokuwa ndani ya debe. Lingine halikuwepo.

Mwalimu wa mazingira alikuwa ameahidi kwamba mvua zikianza, miti hiyo miwili itapandwa kwenye lango la shule, mmoja kulia, mwingine kushoto. Kibiriti alilala na kuamka na ahadi hiyo.

Sasa, lipo jambo ambalo Kibiriti hakulisema. Mwalimu alimtuma kwa Mama Miche, mwenye kitalu cha miti na maua, akaulize miti hiyo hutunzwaje. Mama Miche alimwandikia karatasi: "Mlangilangi ni mnywaji. Upewe maji kila siku, na ungali mchanga ufichwe jua la mchana. Mti wa maziwa hautaki maji mengi. Ukae juani, kwenye udongo wenye mchanga, na usitiwe maji mpaka udongo ukauke kabisa. Msome wote wawili."

Njiani Kibiriti aliwaza. Mlangilangi ulikuwa na majani mengi kuliko mti wake, na Chiriku alijisifu kutwa nzima. "Aa, atajua mwenyewe," akasema. Akaikunja karatasi, akaitia katikati ya kitabu cha hesabu.

Wiki haikuisha, majani ya mlangilangi yakaungua kwa jua. Chiriku alilia mpaka kwikwi. Kibiriti akamfuta machozi kwa ncha ya kanga. "Pole, rafiki yangu. Labda ni wadudu." Chiriku akahangaika na debe lake huku na huku, mpaka alipolifikisha kwenye kivuli cha ukuta, na mti ukapona.

Likizo ilipofika, mama mdogo wa Kibiriti alijifungua. Kibiriti akatakiwa kwenda kusaidia kazi kwa wiki mbili.

"Niangalizie mti wangu," alimwomba Chiriku.

"Nitautunza kama wangu, haki ya Mungu!"

Kibiriti alifungua kinywa. Akisema "usiutie maji mengi," Chiriku atauliza, "umejuaje?" Akakifunga. "Haya, kama wako," akajibu.

Aliporudi, hakusalimia mtu, alipitiliza nyuma ya nyumba. Majani yote yalikuwa chini. Shina lilikuwa jeusi na laini kama ndizi iliyooza, nalo lilinuka. Udongo ulikuwa tope.

"Umeniulia mti!" alipiga kelele.

Chiriku alikuja mbio. "Mimi? Nimeutia maji asubuhi na jioni! Sikukosa hata siku moja!"

"Ulitaka lango lote liwe lako! Ule ni mti wa bibi yangu, ulijua, na bado ukanifanyia hivi!"

"Wallahi sikujua mti una nini..."

"Nyamaza! Usinisemeshe tena!"

Siku tatu hawakusemezana. Kibiriti hakula vizuri. Mtu baki angemuumiza asingeshangaa, lakini Chiriku! Waliokula sahani moja tangu hawajaota meno! Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia, na akalia tena, kwa sababu alimpenda Chiriku na alimchukia kwa wakati mmoja.

Mama yake akachoka. "Kilio si dawa. Upelekeni mti kwa Mama Miche autazame."

"Sisi wawili?"

"Debe lina pande mbili, au unaona moja?"

Wakalibeba, huyu huku, yule kule, kila mmoja akitazama upande wake wa barabara.

Mama Miche aliliminya shina kwa kidole, maji machafu yakatoka. "Nani aliyemlewesha mtoto huyu?"

"Mimi," Chiriku alisema kwa sauti ndogo.

"Kwani ile karatasi hamkuisoma?"

"Karatasi gani?"

Kibiriti aliinamisha kichwa. Chiriku alimtazama yeye, akamtazama Mama Miche, akamrudia yeye. Mwishowe akauliza polepole, "Majani yangu yalipoungua, ukanifuta machozi. Ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

Siku tatu nzima Kibiriti alikuwa amemwita mwenzake msaliti moyoni. Sasa hakujua auweke wapi uso wake. "Nisamehe," akasema. "Nilitaka wangu uupite wako."

Chiriku akageuza uso. Machozi yalimtoka tu.

Mama Miche alichukua kisu, akakata shina kidogo kidogo kutoka chini, akitupa vipande vyeusi. Karibu na ncha, utomvu mweupe ukachuruzika. "Hapa pangali pazima. Kipande hiki kiwekeni kivulini wiki moja ili kidonda kikauke, ndipo mkipande kwenye mchanga." Akawakabidhi kipande kisichozidi urefu wa rula.

Kisha akamgeukia Kibiriti. "Mchimba kisima huingia mwenyewe, mwanangu. Ukimficha mwenzako maarifa, siku utakapomhitaji, atakusaidia kwa ujinga ule ule uliomwachia. Huyu hakukuulia mti. Alikupa yote aliyoyajua."

Jioni ile Kibiriti alikwenda mlango wa pili na karatasi mkononi. Chiriku aliipokea, akaisoma mara mbili, akaingia ndani. Wiki nyingi zilipita akiongea na kila mtu isipokuwa yeye. Kibiriti hakumlaumu. Kabla ya kuitoa karatasi alikuwa ameinakili kwa mkono wake; nakala hiyo akaibandika ukutani mwa darasa, na mwalimu alipouliza ilikuwa wapi siku zote, alisimama akaeleza yote mbele ya wenzake.

Mvua zilipoanza, kipande cha mti wa bibi kilikuwa na majani matatu. Wanafunzi waliipanda miti langoni. Baada ya mvua kukatika siku kadhaa, Chiriku alikuja na kopo lake la maji. Akaunywesha mlangilangi, kisha akavuka upande wa pili, akasimama.

"Huu wako umekunywa lini?" akauliza.

Kibiriti aligusa udongo. "Bado una unyevu."

"Basi tuuache," alisema Chiriku. Maji yaliyobaki akayarudisha kwenye mlangilangi, akaanza kuongea, na hakunyamaza mpaka kengele ilipolia.