Yaseme Mlangoni, Hamo

Siku ya soko kubwa mjini Lincoln, Uingereza ya zamani, kondoo alimsukuma Hamo akaangukia meza ya binti muuza nta, Idonea. Hamo alikuwa kijana mtanashati, joho la kijivu, vidole vyeusi kwa wino. Kazi yake kuwaandikia watu hati za mashamba na nyumba. Kasoro yake kigugumizi tu.

"Ume-umeumia?"

"Nta yangu ndiyo imeumia, kaka. Utainunua au utaipa pole?"

Akainunua yote, ya kupigia mihuri. Kesho yake akarudi, na keshokutwa. Idonea naye akaanza kuvaa gauni la buluu la sikukuu siku za kazi. Mabinti, mnayajua hayo.

Walipokubaliana kuoana, Hamo akamletea ngozi iliyoandikwa kwa mwandiko mzuri, muhuri ukining'inia.

"Ni-nikifa, nyumba yako. Imeandikwa, kipenzi."

"Ahsante, mpenzi. Na siku ya harusi utaitamka ahadi hii mlangoni mwa kanisa, watu wakisikia, kama wanaume wote."

"Si nimeandika?"

"Shangazi yangu aliachiwa ngozi kama hii. Shemeji zake wakasema ya uongo. Wazee wakauliza, nani alimsikia marehemu akitamka? Hakuna hata mmoja. Wakamtoa nje na sufuria zake."

"Unataka mji mzima u-unicheke!"

"Na wewe unataka nduguzo wanifukuze!"

Hamo akaondoka kwa hasira, sokoni asionekane tena. Idonea akadhani Hamo anaionea uchungu nyumba. Hamo akadhani Idonea anataka kumwaibisha.

"Bwana harusi kameza ulimi?" wauza samaki wakamchokoza Idonea.

"Hata akiumeza, ni wangu!" akajibu, akavua aproni, akaenda moja kwa moja kwa Hamo.

"Sikiliza, mpenzi. Sema polepole utakavyo. Mimi nitangoja hata jua lizame."

Hamo akamtazama, macho yakamlowa. "Ku-kumbe hutanicheka?"

"Nikucheke nilale na nani?"

Siku ya harusi, mlango wa kanisa ulijaa watu. Padri akanyoosha mkono aisome ile ngozi. Hamo akakataa.

"Nyu... nyu..."

Mchinjaji mmoja akacheka. Idonea akamgeukia: "We baba, una haraka ya wapi?"

"Nyumba yangu! Na ki-kisima! Na... na kitanda kikubwa!"

Kitanda hakikuwemo kwenye hati. Watu wakaangua kicheko, Hamo wa kwanza.

"Mmesikia?" Idonea akauliza.

"Tumesikia!"

Ndipo akanyoosha kidole kivishwe pete. Nanyi, mabinti zangu, msinyooshe kabla.