Viti vya Kusuka vya Doornfontein

Emérite alikuwa akimsuka mteja kando ya stendi ya teksi ya Noord, Johannesburg, honi na kelele za wachuuzi zimemzunguka, alipohisi anatazamwa. Mwanamume mwenye kipara alikuwa amevikodolea macho vidole vyake.

"Kaka, wewe nikusuke nini sasa?"

Mteja akaangua kicheko.

"Nisukie viti," akasema yule mtu. "Naitwa Évariste, wa Uvira. Nachomelea vyuma."

"Mimi wa Bujumbura. Ziwa tu limetutenga, na umeshaanza kunituma kazi?"

Kesho yake Évariste alimpeleka kwenye karakana yake mtaani Doornfontein. Mama mmoja wa Meksiko aliyewahi kufundisha pale alikuwa amemwambukiza mapenzi ya vitu vya kwao: viti vya duara vya kamba za plastiki, meza zenye jogoo wa bati, rangi zinazocheka. Vyuma Évariste aliviweza, kamba zilimshinda. Emérite akazisuka kama nywele, waridi juu ya kijani, manjano juu ya buluu. Kufikia Agosti 2012 walikuwa wakiitana chéri na chérie, yaani mpenzi.

Siku ya maonyesho ya viti vyao Emérite alivaa gauni jekundu la kitenge, akaenda moja kwa moja kwenye kiti alichokisuka kwa wiki mbili. Kikaratasi ubavuni kilitaja jina la Évariste peke yake.

Akatoka bila kuaga. Simu iliita mara tisa. Ya kumi akapokea.

"Chérie, uko wapi?"

"Barabarani. Jina langu liko wapi?"

"Eish, nisikilize. Watu wa gazeti wamekuja. Yule mwanamume uliyeishi naye ukamkimbia kule Diepsloot, uliniambia bado anakutafuta. Nikaogopa akilisoma jina lako gazetini..."

"Uliniuliza?"



"Hapana," Évariste akasema.

"Yule alinichagulia kila kitu, mpaka viatu. Na wewe ndiyo umeanza?"

Akakata simu. Alisimama akiegemea ukuta. Alimwogopa yule mtu wa Diepsloot, tena sana. Lakini miguu ikamrudisha ndani.

Mwandishi wa gazeti alikuwa ameinama juu ya kiti. "Nani kasuka hiki?"

Évariste alifungua mdomo, akamwona Emérite, akaufunga. Akamwachia yeye.

"Mimi. Emérite Nduwimana. Andika lote."

Picha ilipopigwa, alisimama kando ya kiti chake.

Walitoka pamoja mpaka kwenye roboti, zile taa za barabarani, wakaanza kuvuka mbele ya magari yaliyosimama.

"Nisamehe," Évariste akasema. "Na yule mtu akija?"

"Tutakwenda polisi, nikishasema mimi twende."

"Basi nikuulize jingine. Utakubali nikuoe?"

Emérite alisimama katikati ya barabara, akamtazama mpaka taa ya magari ikageuka kijani na madereva wakaanza kuwapigia honi.

"Nimekubali," akasema. "Ila mama yangu yuko Bujumbura, na ni mkali. Namba hii hapa. Piga mwenyewe."