Pete Juu ya Kabati

Kila jioni Darubini alikuwa na kazi mbili: kung'arisha buti za mama yake, kisha kwenda bombani kuchota maji. Jina la Darubini alipewa na baba, kwa sababu hakuna kilichompita. Alijua jirani yupi amenunua sufuria mpya, mwalimu yupi ameamka vibaya, na kuku wa nani anataga kwenye banda la watu.

Mama yake alikuwa sajini jeshini, na familia iliishi kwenye nyumba za kambi. Baba hakuwa askari. Alikuwa fundi cherehani mwenye kibanda karibu na lango, akipunguza na kupanua magwanda kadiri matumbo ya wenyewe yalivyotaka.

Bombani Darubini alimkuta rafiki yake, Kiduchu. Wakisubiri ndoo zijae, walishindana kubashiri: nani atachelewa shuleni, nani ataitwa ubaoni, kipyenga cha zahanati kitalia lini. Darubini alishinda karibu kila mara, na sifa hizo zilimvimbisha kichwa.

Kipyenga hicho kilikuwa kazi ya mama. Mara moja moja, bila taarifa, kililia alfajiri, na askari waliotajwa walipanga foleni kutoa mkojo ili upimwe kama wametumia dawa za kulevya. Hata wenye vyeo vikubwa hawakusamehewa.

"Kila mtu anajaza kikombe chake mbele ya msimamizi," mama alimweleza siku moja akipiga pasi. "Kikombe kina kibandiko kinachopima joto, maana mkojo uliotoka mwilini sasa hivi lazima uwe na uvuguvugu. Unagawanywa kwenye chupa mbili, zinafungwa, na mwenyewe anatia sahihi yake juu ya utepe wa kufungia. Chupa moja inakwenda maabara. Ikionyesha kitu, wanarudia kwa mashine kubwa zaidi kabla ya kumhukumu mtu. Ya pili inatunzwa, ili akipinga, ifunguliwe."

"Mbona unaniambia yote hayo, mama? Si siri?"

"Namna kipimo kinavyofanyika si siri, mwanangu. Siri ni siku."

Basi, siku moja kipyenga kililia, na mchana mama akarudi nyumbani uso umemshuka. Aliketi bila kuvua kofia. Darubini alijifanya anaandika kazi ya shule, masikio yote yakiwa kwa wazazi.

"Kuna kijana amekamatwa," mama alimwambia baba. "Yule dereva wa lori, kaka yake Kiduchu. Alificha kichupa chenye mkojo wa mtu mwingine ndani ya mkono wa shati. Akaumimina kwenye kikombe, kibandiko hakikubadilika rangi. Daktari alipogusa kikombe, kilikuwa cha baridi kama maji ya mtungi."

"Amekamatwa, basi vizuri. Sasa unanuna nini?"

"Alijuaje kwamba aje na kichupa leo? Tuliojua ni watatu: Meja, daktari na mimi. Kijana amegoma kusema. Meja amenipa mpaka Ijumaa ya wiki ijayo nijieleze. Nikishindwa, cheo kinakwenda, na nyumba hii tumepewa kwa cheo."

"Mimi hukuniambia," baba alisema.

"Sikukuambia," mama alikubali, lakini alimtazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika.

Kuanzia hapo nyumba ilipoa. Mama alikula kimya, na baba alifungua redio kisha akaizima. Majirani waliokuwa wakigonga mlango kuomba chumvi sasa walinunua yao. Darubini alipopita, mazungumzo yalikatika, na alipokwisha kupita, yalianza tena kwa sauti ya chini. Kiduchu naye hakuonekana bombani.

Darubini aliumia. Aliamua kumtafuta msaliti mwenyewe. Alianza kumshuku daktari, kwa kuwa alicheka mno. Akamshuku mfagizi wa zahanati. Ndipo akakumbuka jambo: jioni ya kuamkia kipyenga alimwona dereva kibandani kwa baba, na baba alikuwa ameinamia shati la jeshi, akishona kitu ndani ya mkono wake.

Siku mbili alimchunguza baba yake mzazi. Kila baba alipomsalimia mteja, Darubini alijiuliza ni salamu au ni ishara. Usiku alilala akiwa ameugeukia ukuta. Hata ugali aliokuwa akiletewa na baba aliuona mchungu, akaona aibu kwa kuwaza hivyo, kisha akawaza vivyo hivyo tena.

Alhamisi baada ya shule uvumilivu ulimwisha. Aliingia kibandani na kusimama mbele ya cherehani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona umekunja uso hivyo?"

"Ulimshonea nini yule dereva?"

Mguu wa baba ulisimama juu ya pedali. "Mfuko mdogo," alisema polepole. "Aliniambia ni wa kalamu." Kisha Darubini aliona uso wake ukibadilika. "Kumbe nilimshonea wa kichupa. Ndiyo maana alikuwa na haraka vile. Alikuja mbio nikiwa nafunga, akataka umalizike pale pale."

"Nani alimwambia, kama si wewe?"

"Mimi ningejua wapi, mwanangu? Mama yako hasemi. Kijana alikuja tayari anajua. Hata wewe uliniona, ulikuwa unatoka bombani na ndoo yako kichwani."

Bombani. Darubini aliketi juu ya rundo la vitambaa.

Jioni ile, kabla ya kuchukua ndoo, alikuwa ameona kitu. Mama alikata kucha katikati ya wiki, kisha akavua pete yake ya ndoa na kuiweka juu ya kabati la vyombo. Alifanya hivyo kila mara kabla ya kipimo, ili glavu zisichanike, na pengine hata mwenyewe hakujua kwamba ana desturi hiyo. Darubini alijua. Alikuwa amefika bombani akasema kwa maringo, "Kesho kipyenga." Na Kiduchu, aliyechoka kushindwa, alikuwa ameuliza amejuaje. Naye akamwambia, na Kiduchu akatangulia nyumbani na ndoo yake, Darubini akibaki kusubiri ya kwake ijae.

Alilia hapo hapo kibandani. Baba hakumkaripia. Alifunga kibanda mapema, wakaenda kumweleza mama, na mama akavaa kofia yake. "Twende kwa Meja," alisema. "Utasema wewe mwenyewe, yote."

Meja alisikiliza akiwa ameegemea kiti. Darubini alipomaliza kueleza, aliona kwamba hakuaminiwa.

"Hadithi nzuri," Meja alisema. "Mtoto anambebea mama yake mzigo. Nani amekufundisha maneno haya?"

"Hakuna, afande. Mimi huwa naona tu. Hata wewe. Kila jioni unakimbia kuzunguka uwanja na unatusalimia watoto wote. Jioni ya kuamkia kipyenga hukimbii. Unapita kwenye gari na kioo umekipandisha."

Meja alikohoa, akapanga kalamu ambazo tayari zilikuwa zimepangika. Mama aliangalia dari ili asicheke.

Dereva aliitwa. Aliposikia mdogo wake ataulizwa, alikubali yote: Kiduchu alimsimulia habari ya pete kama mchezo, naye amekuwa akivuta bangi kwa miezi kadhaa, hata siku za safari.

"Na nyuma ya lori lako hukaa askari wangapi?" Meja aliuliza.

Dereva alinyang'anywa usukani siku hiyo hiyo, akapewa adhabu yake, na akapelekwa kutibiwa. Mama alibaki na cheo chake, pamoja na onyo la kuacha desturi zinazosomeka. Meja naye alianza kukimbia kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe.

Njiani kurudi nyumbani mama alimshika Darubini mkono.

"Macho yako sina ugomvi nayo," alisema. "Lakini ukiona jambo la kazi ya mtu, si lako la kujitafutia sifa bombani. Wale vijana wanaopanda lori wangeweza kufa kwa sababu ya mchezo wenu. Na umemshuku baba yako kabla ya kujiuliza wewe umesema nini. Umefanya vizuri kukiri, mwanangu. Siku nyingine anzia hapo."

"Nisamehe, mama. Na wewe baba."

"Mimi nimeshasamehe," baba alisema. "Ila kuanzia leo mfuko wa kalamu nashona kifuani tu."

Pete ya mama haikuonekana tena juu ya kabati. Aliivaa shingoni kwa kamba, kila siku, na kucha alikata kila Jumapili.

Kiduchu alirudi bombani baada ya wiki kadhaa, kichwa chini. Darubini alimsogezea nafasi kwenye foleni. Walizungumza ya shule, wakacheka kidogo, na ndoo zilipokaribia kujaa, Kiduchu aliuliza kwa mazoea, "Enhe, kesho kuna nini?"

Jioni ile Darubini alikuwa ameona jambo dogo sana, ambalo hakuna mwingine angeliona. Alijitwika ndoo yake.

"Kesho kuna hesabu," alisema, akaenda zake nyumbani.