Paa la Gari la Marehemu Habib

Kila asubuhi, kabla jua halijachungulia juu ya kilima cha Naguru, Bi Mwanawetu alifungua mlango wa gari lake, akashuka ngazi tatu, akafagia uwanja. Kisha alichemsha chai ya tangawizi, akaketi kushona kofia. Alishona kofia nyeupe za kuvaa msikitini, kwa mkono, tundu moja moja. Watu walikuja kutoka mbali, hata Bombo, kuzifuata.

Ndiyo, umesoma sawasawa. Bi Mwanawetu aliishi ndani ya gari.

Lilikuwa gari refu la kusafiria, lenye nyumba ndani yake. Nyuma kulikuwa na kitanda. Katikati kulikuwa na meza ya kukunja na kabati. Mumewe, Habib, alilinunua mwaka 1987. Vita vilikuwa vimekwisha mwaka mmoja kabla, na nyumba yao ilikuwa imebaki kuta tupu. Mabati yalikwenda, milango ikaenda, hata fremu za madirisha ziling'olewa. Habib alikuwa dereva wa malori. Siku moja alirudi na gari hili, akapiga honi mpaka majirani wakatoka.

"Nyumba gani hii?" Bi Mwanawetu alimuuliza.

"Ya kwetu," Habib alijibu. "Wakija tena kupigana, tunaondoka nayo."

Hawakuja tena. Lakini gari liliondoka mara nyingi tu. Lilikwenda Masaka kwa shangazi. Lilikwenda Entebbe siku za Idd, watoto wakiimba nyuma na sufuria ya pilau ikiwa imefungwa kwa kamba ili isimwagike. Habib alilipaka rangi ya kijani iliyokolea, kwa sababu ndiyo rangi aliyoipata. Baadaye injini ilikufa. Wakaliegesha kwenye kiwanja chao Bukoto, upande unaoshuka kwenda Kamwokya, chini ya mfenesi mkubwa wa jirani. Miaka miwili kabla ya kisa hiki, Habib naye alifariki.

Mtoto wao, Faizal, alikuwa na fleti nzuri huko juu kilimani. Alimwambia mama yake ahamie kwake. Mama alikataa. Ndani ya gari kila kitu kilikuwa mahali Habib alipokiacha. Angewezaje kuondoka?

Mwezi wa Januari mwaka 2004, jirani aliuza kiwanja chake. Wajenzi wakaja na misumeno. Kufikia jioni, mfenesi ulikuwa chini.

Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kikali, na sasa gari lilisimama juani tangu asubuhi hadi jioni. Ubavu wake mrefu, wenye madirisha matatu makubwa, ulitazama magharibi. Saa nane mchana mtu hakuweza kugusa kitasa cha mlango. Jasho la Bi Mwanawetu lilidondoka kwenye kofia nyeupe na kuacha alama za njano. Kofia tatu zilirudishwa na wenyewe.

Bi Mwanawetu hakuwa mtu wa kukaa tu na kulalamika. Alitafuta turubai zito jeusi, akalifunga juu ya paa, likabana kama ngozi ya ngoma. Joto likazidi. Akafunga madirisha yote, kwa sababu ya vumbi la wajenzi. Joto likazidi. Akamwaga maji sakafuni. Gari likawa kama sufuria ya kupikia ndizi, mvuke mtupu.

Tena alikuwa na desturi yake. Kila siku baada ya sala ya alasiri, aliwasha mkaa kwenye chetezo, akatia udi, akafunga mlango. Hivyo ndivyo alivyofanya miaka yote Habib akikaribia kurudi kutoka kazini. Harufu ya udi ilipojaa, alifumba macho, na kwa muda mfupi ilikuwa kama mwenye gari yuko njiani. Hakutaka harufu hiyo itoke hata kidogo.

Jumanne moja alifumba macho hivyo, na hakuyafumbua.

Séraphine ndiye aliyemkuta. Séraphine alikuwa jirani, mama wa Kikongo kutoka Bukavu, muuza vitenge Kamwokya. Alikuja kuchukua kofia ya mteja wake. Alibisha, akaona kimya. Alipofungua mlango, joto lilimpiga usoni. Bi Mwanawetu alikuwa ameanguka kati ya meza na kabati.

"Emile! Kimbia! Mama Faizal amezimia!"

Emile, mume wa Séraphine, alikuja mbio. Walimtoa nje, wakamlaza kivulini penye upepo. Mama mmoja wa jirani akaleta blanketi.

"Ya nini hiyo?" Séraphine alimfokea. "Anaungua, wewe unamfunika? Lete maji!"

Alimlegeza nguo shingoni. Akamwekea vitambaa vya maji shingoni na kwapani, akampepea kwa sinia. Hakumpa maji ya kunywa mpaka alipofumbua macho na kutaja jina lake mwenyewe. Kisha wakampeleka kwenye kliniki.

Daktari alisema ni joto, na pia ni mkaa. "Mkaa ukiwaka mahali palipofungwa unatoa hewa ya sumu," alisema. "Haina rangi wala harufu. Mama, wangechelewa kukuleta nusu saa, tusingekuwa tunazungumza."

Faizal alifika mbio. Alipoona mama yake yu hai, hofu ikageuka hasira.

"Basi, yamekwisha," alisema. "Jumamosi naleta watu wa vyuma chakavu wakate gari lile. Wewe unahamia kwangu."

"Gari la baba yako, Faizal?"

"Baba amekufa, Mama! Unataka gari likuue na wewe?"

Bi Mwanawetu aligeuza uso ukutani. Mtoto alikuwa amesema kweli, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Emile alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa fundi. Alitengeneza masanduku ya magari yanayobeba samaki kutoka ziwani, yale ambayo hayatakiwi kuingiza joto hata kidogo.

"Papa Faizal," alisema kwa upole, kwa heshima ya Kikongo, "leo ni Jumanne. Nipe mpaka Jumamosi."

"Kufanya nini, fundi? Utaliwekea barafu kama samaki?"

"Hapana. Jumamosi saa nane mchana, wewe mwenyewe uingie ndani. Ukishindwa kukaa, wakate. Mimi nitawashikia nyundo."

Faizal alimtazama mama yake, akapumua. "Kale," alisema. "Sawa. Lakini mpaka Jumamosi hiyo, Mama asilale mle."

Kesho yake Emile alileta ngazi. Bi Mwanawetu, ambaye alikuwa amelala kwa Séraphine, aliketi kwenye kiti uwanjani akimtazama.

"Mama, nani alifunga hii turubai?"

"Mimi."

"Ulitaka kumpika nani humo ndani?"

"Nyamaza wewe! Nilitaka kivuli."

"Kivuli ni kizuri. Lakini nyeusi inakunywa jua. Na umeibandika juu ya bati kabisa. Turubai ikipata moto, inampa bati, bati inakupa wewe." Aliikata kamba. "Kivuli lazima kikae mbali na paa, upepo upite katikati. Kama mwavuli. Nani anavaa mwavuli kichwani kama kofia?"

Bi Mwanawetu alicheka kwa mara ya kwanza tangu aanguke.

Emile alifunga nguzo za mikaratusi kwenye gari lenyewe, pande zote, bila kuzichimbia ardhini. Juu yake alitandaza mikeka ya mafunjo, ile ya bei rahisi inayouzwa sokoni. Kati ya mikeka na paa aliacha nafasi ya dhiraa moja, tangu kiwiko hadi vidole. Mingine aliining'iniza nje ya madirisha ya magharibi.

"Pazia ninalo ndani," Bi Mwanawetu alisema.

"Pazia la ndani linakamata jua likishaingia. Jua likishapita kioo, mgeni yuko sebuleni. Tumzuie uani."

Kisha alileta kopo la rangi nyeupe. Hapo Bi Mwanawetu akasimama.

"Hapana. Kijani hiki alikipaka Habib. Mimi nilimshikia kopo. Faizal alikanyaga rangi, akaacha nyayo mpaka msikitini. Hutaibadilisha."

Emile alikaa kwenye ngazi, akafikiri. "Mama, paa unaliona ukiwa hapa chini?"

"Silioni."

"Basi tupake paa tu. Jua la mchana linapiga paa. Huku ubavuni abaki Papa Habib na kijani chake."

Bi Mwanawetu alikubali. Lakini kulikuwa na jambo jingine, gumu kuliko la rangi. Katikati ya paa palikuwa na kidirisha kidogo cha kufunguka juu. Habib alikiziba kwa lami mwaka mmoja wa mvua nyingi, kwa sababu kilivuja.

"Nikifungue hiki," Emile alisema, "au kazi yote ni bure."

"Habib alikiziba mwenyewe."

"Alikiziba kwa sababu ya mvua. Alikuwa na haki. Lakini wakati huo mfenesi ulikuwepo, sivyo?"

"Ulikuwepo."

"Sasa haupo. Hewa ya moto inapanda juu, Mama. Ikikosa mlango inakaa kichwani kwako. Tufungue huku juu itoke, na dirisha la chini upande wa bondeni, hewa baridi iingie. Nitakiwekea kifuniko kilichoinuka, mvua isiingie. Kama yeye angekuwepo, angefanya nini?"

Bi Mwanawetu aliutazama ubavu wa kijani. Alimkumbuka Habib aliyeng'oa kiti cha gari ili mama mja mzito apate pa kulala njiani. Habib hakuwahi kuacha kitu kilivyo kama kilimsumbua mtu.

"Angekuwa ameshakifungua jana," alisema.

Lami ilitoka kwa patasi. Kidirisha kilipofunguka, Emile aliweka mkono juu yake, akautoa upesi. Joto lilikuwa likitoka kama pumzi ya tanuri.

"Na udi wangu?" Bi Mwanawetu aliuliza. "Madirisha yakiwa wazi, harufu itatoroka yote."

Séraphine, aliyekuwa amewaletea chai, ndiye aliyejibu. "Mkaa usirudi ndani, Mama Faizal, hata siku moja. Chetezo kiweke nje, mbali kidogo, upande upepo unapotokea. Mkaa utabaki uwanjani. Upepo wenyewe utakuletea harufu."

Walijaribu jioni ile. Harufu iliingia kidogo kidogo kwa dirisha la chini, ikapita kitandani, ikatoka juu. Haikujaa kama zamani. Ilikuwa inapita, kama mtu anayetembea chumbani.

Ijumaa, baada ya sala, ikabaki kazi moja. Ubavu mrefu wa gari bado ulitazama magharibi. Emile alijaza magurudumu upepo na kutia oili. Akaita vijana wa pikipiki kumi na wawili kutoka kwenye kituo chao, wakiongozwa na Ojok, mwanamume mrefu mwenye sauti kubwa.

"Tunaligeuza!" Ojok alitangaza. "Lakini nani anashika usukani?"

Wanaume wakatazamana. Wote walikuwa wa kusukuma.

"Nitashika mimi," alisema Bi Mwanawetu.

Hakuwa amewahi kukaa kwenye kiti kile. Katika miaka yote ya Masaka na Entebbe, alikaa upande wa pili, akimenya machungwa na kumpa Habib. Sasa alipanda, akatia mikono mahali ambapo usukani ulikuwa umelika kwa viganja vya mumewe.

"Moja, mbili, sukuma!"

Gari lililia, likatikisika, likakubali.

"Kata kulia, Mama! Kulia! Hiyo ni kushoto!"

"Usinifokee! Dereva ni nani?"

Vijana walicheka mpaka wakakosa nguvu, ikabidi waanze upya. Gari lilizunguka polepole. Kuta za Kamwokya zilipita kwenye kioo, kisha mnara wa msikiti, kisha kilima cha Naguru. Machozi yalimtoka Bi Mwanawetu, na wala hakuyafuta, kwa sababu mikono ilikuwa kazini. Liliposimama, ni kisogo chake tu, chembamba, kilichotazama magharibi.

Jumamosi Faizal alifika saa nane kamili. Nyuma yake lilikuja lori la vyuma chakavu, na wanaume wawili wenye misumeno. Aliwaambia wasubiri barabarani.

Aliingia ndani akiwa amekunja uso. Tangu baba yake afe, alikuwa akisimama mlangoni tu.

"Kaa, mwanangu," Bi Mwanawetu alisema. Alimwekea juisi ya pesheni na sahani ya pilau. Alikuwa ameipika nje, uwanjani. Siku hizi hakuwasha moto wowote ndani.

Faizal alikaa ukingoni mwa kiti, kama mtu anayengoja kuondoka. Alisubiri jasho lije. Halikuja. Baada ya muda alivua koti.

"Mama, hewa hii inatoka wapi?"

"Inaingia hapo chini, inatoka hapo juu. Asubuhi nafungua kila kitu. Jua likikaza nafunga upande unaopigwa, naacha huu wa kivuli. Na maji nakunywa, hata kama sina kiu. Weka mkono juu uone."

Faizal aliinua mkono hadi kwenye kidirisha. Alihisi joto likimpita vidoleni kwenda zake. Alikula. Alimaliza sahani, akatazama kitanda cha nyuma.

"Hapa ndipo nilipougulia surua."

"Siku kumi. Baba yako aliendesha polepole mpaka Masaka ili usiamke."

"Nakumbuka taa za barabarani zikipita." Alivua viatu. "Najinyoosha dakika mbili tu, Mama. Halafu tuzungumze."

Bi Mwanawetu alichukua sindano yake na kofia. Alishona tundu la kwanza, la pili, la tatu. Kitambaa kilibaki cheupe.

Nje, mtu wa misumeno alichoka kungoja. Akaja kugonga ubavu wa gari kwa ufunguo. "Bosi! Tuanze kukata?"

Bi Mwanawetu alifungua mlango haraka, kidole mdomoni.

"Usipige kelele," alisema. "Rudini mlikotoka."

"Lakini bosi alituambia ni gari bovu, mama. Halina mtu."

Bi Mwanawetu alisogea pembeni, akamwachia nafasi achungulie. Mle ndani, saa nane na nusu mchana wa kiangazi, mwanamume mzima alikuwa akikoroma, na miguu yake yenye soksi ilikuwa imezidi urefu wa kitanda.