Mhitimu wa Tisa

Ofisi ya leseni za udereva mjini Toledo ilijaa hadi watu wakaegemea kuta. Wanda Nowicki, aliyetoka kufua mashuka ya hoteli, alikaa na sweta yake ya njano, nywele zikinukia sabuni. Kijana wa kiti cha pili, shati la buluu lililonyooshwa kwa pasi kali, akampa kipeperushi.

"Jifunze kuwatoa wagonjwa damu ya vipimo kwa miezi tisa, dada. Chuoni kwetu wahitimu tisa kati ya kumi wana kazi."

"Na walioanza walikuwa wangapi?"

Kijana huyo, Lamont Pickett, akakitazama tena kipeperushi chake. Miaka miwili alikuwa akiandikisha wanafunzi, na hakuna aliyewahi kumuuliza hilo.

"Nipe namba yako, nikuulizie."

"Ujanja huo!" Wanda akacheka, lakini akamwandikia.

Jioni simu ikaita. "Walianza thelathini, wakamaliza kumi."

"Kumi tu? Ishirini wamekwenda wapi?"

"Sijui, mrembo. Umeniambukiza, na mimi sasa nataka kujua."

Ada ilikuwa dola elfu kumi na nne, karibu akiba yote ya Wanda ya miaka minane. Hakutaka kuitoa gizani. Basi kila Jumamosi wakaenda kuwatafuta wale tisa wenye kazi, kwa majina aliyoyaleta Lamont. Watatu waliwakuta maabara, wakifanya walichosomea. Mmoja alikuwa akiuza piza kwenye korido ya hospitali.

"Na huyu mmemhesabu?"

"Si yumo hospitalini, mpenzi?" Lamont akajibu, kisha aibu ikamshika.

Wanda alicheka mpaka akamshika mkono asianguke, na hakuuachia. Theluji ya kwanza iliwakuta wamewapata wanane.

"Wa tisa je?"

"Huyo tumwache."

Wanda hakuwa mtu wa kuacha. Jumatatu alikwenda chuoni, kati ya duka la matairi na kinyozi. Ukutani zilitundikwa picha za wahitimu wenye kazi. Ya mwisho ilikuwa ya kijana mwenye koti jeupe na tabasamu alilolijua vizuri: Lamont Pickett, ameajiriwa.

Akampigia akiwa palepale nje.

"Wa tisa ni wewe! Ulisomea damu, wakakupa kazi ya kuandikisha wengine, wakakuhesabu. Na mimi je, ulinipenda au ulitaka fomu yangu?"

"Wanda, nisikilize..."

Wanda akakata simu. Wiki tatu hakupokea simu zake.

Jumapili moja mlango ukagongwa. Lamont alisimama hapo, theluji mabegani.

"Nimewaambia wanitoe kwenye hesabu yao. Mkuu wa chuo akasema nikitoka ukutani, nitoke na mlangoni. Nimetoka. Usiwape akiba yako, Wanda. Chuo cha umma kinafundisha hayohayo kwa robo ya ada."

"Nimejiandikisha huko juzi. Kwa nini ulinificha?"

"Aibu. Niliomba kazi ya damu mara kumi na moja, nikakosa zote, nikachoka. Sasa hata mikono imesahau. Sijui kama naweza kuupata mshipa."

Wanda akamvuta ndani, akakunja mkono wa gauni lake hadi juu ya kiwiko.

"Tafuta."

Vidole vya Lamont vilikuwa baridi. Vilipita, vikarudi, vikatulia kwenye mkunjo wa kiwiko.

"Upo hapa," akanong'ona.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Basi kesho omba mara ya kumi na mbili," Wanda akasema, wala hakuuondoa mkono wake.