Chanzo Hakijajulikana

Lifti ilikwama kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, saa ile ambayo jengo zima lilikuwa limefurika wanunuzi wa vitambaa. Ndani mlikuwa na watu wamebanana na sanamu moja ya kushonea, ile isiyo na kichwa wala mikono. Aliyeikumbatia sanamu alikuwa fundi cherehani, mwanamke mwenye gauni la kijani lililokatwa na mtu anayejua mkasi. Mmoja alikuwa anasali kwa sauti, mwingine anagombana na simu isiyoshika mtandao. Yeye alikuwa amebandika sikio ukutani. Alitaka kujua ule mlio uliotangulia kabla ya kukwama ulikuwa wa kitu gani.

Ndivyo alivyoumbwa. Mpe nguo, na kabla hajasema nzuri au mbaya, ataigeuza ndani nje aone imeshonwaje.

Mlango ulitanuliwa kwa chuma. Kwa juu kikachungulia kichwa cha mwanamume, tochi imefungwa kwenye paji la uso, masharubu yamechongwa vizuri.

"Poleni jamani. Tuanze na kina mama. Dada, nipe mkono."

"Imeharibika nini?"

"Toka kwanza."

"Natoka. Lakini imeharibika nini?"

"Sijui bado."

"Hujui, na unataka tukuamini?"

Fundi wa lifti akaitazama ile sanamu. "Basi nipe huyo mwenzako asiye na kichwa. Anaonekana ana adabu zake."

Watu wakacheka, hata aliyekuwa anasali.

Jioni ile lifti haikurudishwa kazini, ingawa meneja wa jengo alipiga kelele mpaka akakauka koo. Fundi wa lifti alitundika kibao mlangoni: CHANZO HAKIJAJULIKANA. HAKUNA KUPANDA. Huo ndio ulikuwa msimamo wake kazini, na ndugu zake wanasema hata nyumbani. Mashine ikizima yenyewe na kuwaka yenyewe, kwake hiyo haijapona, inakuvizia.

Kesho yake alipanda kwa miguu mpaka ghorofa ya nne, kwenye chumba ambacho yule mwanamke alishonea pamoja na Mama Vifungo, mtu mzima aliyekuwa akiuza vifungo na kutoboa matundu yake. Akafungua kiganja. Kulikuwa na kifungo chekundu.

"Kilikuwa kwenye reli ya mlango. Cha nani?"

"Si changu," Mama Vifungo akasema, na nyuma yake kuna chupa nzima ya vifungo vyekundu.

Fundi cherehani akacheka mpaka akaweka mkasi chini. "Kwa hiyo umepanda ghorofa zote hizi kuja kunijibu?"

"Uliuliza," akasema. "Bi Kwanini."

Jina likamganda. Na moyo nao, tuseme ukweli, ukaganda hapo hapo.

Simu kati yao zikawa haziishi. "Bi Kwanini wangu, umekula?" "Nimekula. Kwa nini unauliza?" "Kwa sababu nataka tule tena." Bi Kwanini alimtania kwa ovaroli yake ya bluu mpaka akaichukua na kuipunguza kiuno, Fundi akaenda nayo kazini akizunguka mbele ya wenzake kama anayeonyesha mitindo. Habari ya ndoa walikuwa wanaizungukia tu. "Tutaongea," Fundi alizoea kusema, na Bi Kwanini hakumsukuma. Alipopima mimba na kuona mistari miwili, alimpigia Fundi, aliyekuwa juu ya paa la jengo jingine, na kilichosikika ni bisibisi ikianguka.

"Umedondosha nini?"

"Kila kitu," akasema Fundi.

Basi siku moja Fundi aliifunga lifti ya jengo lao, kwa sababu ya mngurumo ambao hakuna mwingine aliyeusikia. Kibao kikatundikwa. Jora zima la kitambaa cha mteja likaletwa chini, na Bi Kwanini, mtu asiyependa kusubiri mpagazi, akalitia jora begani na kupanda ngazi. Akafika juu anatweta, akamtumia ujumbe wa utani: *Chanzo chako kimenipandisha ghorofa nne na jora begani. Utanilipa kwa busu.*

Asubuhi iliyofuata, akiwa ameketi kwenye cherehani, alihisi ujoto. Akadhani amemwagikiwa na chai. Alipoinuka, Mama Vifungo akaona kiti kabla yake.

"Mwanangu," akasema taratibu, "usiangalie. Nishike mkono, twende."

Lakini yeye aliangalia. Damu ilikuwa nyekundu, mbichi, nyingi. Njia nzima hadi hospitali alikaa amebana miguu, kana kwamba angeweza kumzuia mtoto kwa nguvu za mapaja.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini. Alipitisha kifaa cha baridi tumboni, kisha akageuza kioo.

"Usilie kwanza. Tazama. Huu ni mfuko wa mimba. Hiki kinachotetemeka hapa ni moyo."

"Unapiga?"

"Unapiga vizuri. Sasa tazama huku pembeni, hili doa jeusi lililojikunja. Hii ni damu iliyovilia. Imejikusanya kati ya mfuko na ukuta wa kizazi, na sehemu yake ndiyo inayotoka."

Bi Kwanini alisahau kulia. Akainua shingo. "Kama bitana ya ndani ya gauni ikiachia kitambaa pembeni, ikafanya tumbo?"

Daktari akatabasamu. "Ndiyo, kama hivyo. Imeachia pembeni, lakini sehemu kubwa imeshika."

"Inashonwaje?"

"Haishonwi. Mara nyingi mwili unaifyonza hiyo damu, au inatoka kidogo kidogo, na mimba inaendelea. Mara nyingine mimba inatoka. Siwezi kukuahidi." Akampa maagizo: asinyanyue vizito, wasikutane kimwili kwa sasa, apumzike lakini asilale tu kama gogo, damu ikilowesha pedi nzima ndani ya saa moja, au akipata maumivu makali, homa au kizunguzungu, aje mara moja. "Una swali?"

Alikuwa nalo. Lilikuwa limemkaa kooni tangu alipoketi ndani ya teksi: ni lile jora? Kwa mara ya kwanza maishani mwake, Bi Kwanini akaogopa kuuliza.

Fundi alimkuta ukumbini, amekaa kwenye benchi, amefungwa khanga ya Mama Vifungo kiunoni. Alikuja mbio, grisi mpaka kwenye viwiko. Mama Vifungo akamweleza kwa kifupi kwamba moyo unapiga ila damu ingalipo. Fundi hakusema pole. Alichuchumaa mbele yake, macho yamemtoka.

"Lile jora lilikuwa la kitambaa gani?"

"Nini?"

"Jana. Lilikuwa zito kiasi gani? Ulipumzika njiani au ulipanda moja kwa moja? Uliliweka bega gani?"

"Unanihoji?"

"Nataka kujua chanzo."

Maneno yale yalimchoma pale pale palipokuwa pakimuuma. "Chanzo ni mimi. Si ndivyo? Sema basi, sema mbele za watu kwamba nimemuua mtoto wako kwa ujeuri wangu."

"Sikusema..."

"Nenda, Fundi. Nenda kachonge kibao uje unitundikie shingoni."

Fundi alisugua viganja vyake vya grisi magotini. Kisha akainuka akaenda. Bi Kwanini alimtazama mgongo mpaka ukapotea, akamchukia kwa kuondoka kama alivyomchukia kwa kuja.

Nyumbani alisogeza kitanda karibu na dirisha, akawa anakunja mapindo kwa mkono, maana cherehani hakuitaka hata kuiona. Siku zikawa zinahesabiwa kwa safari za chooni. Kila akienda alivuta pumzi kabla ya kuangalia. Kuna asubuhi ilikuwa nyekundu, akarudi kitandani akajifunika gubigubi. Kuna siku ilikuwa ya kahawia iliyokolea, ambayo daktari alimwambia kwa simu kuwa ni damu ya zamani inayojiondokea. Kuna siku pedi ilikuwa safi kabisa, akafurahi mpaka akaimba, na jioni ikarudi. Akajifunza kutofurahi haraka, na kutokata tamaa haraka vilevile.

Na katikati ya hofu, udadisi wake haukufa. Alikaa akijiuliza huyo mpangaji mwenye jirani wa damu anafanya nini humo kutwa. Anasikia? Analala? Anajua kuwa ukuta wa chumba chake umeachia? "Upo?" alimuuliza kila akiamka. "Kama upo, kaa. Sina neno jingine la kukuambia."

Simu ya Fundi iliita asubuhi na jioni. Hakupokea. Ujumbe aliusoma: *Bi Kwanini, niambie neno moja tu.* Hakumwambia hata hilo moja.

Mama Vifungo alikuja na chombo cha supu, akakaa ukingoni mwa kitanda na kuanza habari za jengo.

"Halafu huyo mtu wako. Kichwa chake kiko sawa kweli?"

"Si mtu wangu."

"Haya, huyo mtu wa watu. Lifti inapanda na kushuka, nzima kama mpya. Yeye kila mchana yuko kwenye ngazi na jora begani. Lile lile, kaliazima chumbani kwetu. Anapanda mpaka juu, anashuka, anapanda tena. Nikamwambia, baba, unafanya mazoezi ya kwenda wapi? Akanijibu, 'Mama, nataka nijue lilimlemea kiasi gani.'"

Sindano ikasimama.

"Jana akakaa pale kwenye kona ya ngazi, akalia. Mwanamume mzima na masharubu yake! Kazi yake kusema, 'Lifti niliifunga mimi. Mimi ndiye niliyeifunga.' Nikampa leso. Leso yenyewe hajairudisha."

Bi Kwanini alitazama pindo alilokuwa akilikunja na asilione. Kumbe siku ile ukumbini hakuwa anamtafuta mkosaji. Mkosaji alikwisha kumpata, naye ni yeye mwenyewe, tena alikuja akiomba aambiwe kwamba siye. Na yeye alikuwa anaogopa swali hilo hilo. Wote wawili walikuwa wamebeba jora moja, kila mtu kwenye ngazi zake. Akachukua simu.

"Halo?" Fundi alikuwa anahema.

"Lishushe hilo jora."

"Jora gani?"

"Hilo lililo begani. Nakusikia unavyohema."

Alisikia kitu kizito kikiwekwa sakafuni. "Mpenzi wangu. Damu inaendeleaje?"

"Leo ni ya kahawia. Kesho daktari ananiangalia tena. Njoo. Kuna swali la kuuliza, na peke yangu naliogopa."

"Hata mimi naliogopa."

"Basi tutaogopa wawili."

Kesho yake Fundi alikuja amevaa shati jeupe, mkunjo wa pasi umepita mahali pasipo pake. Kifungo cha katikati kilikuwa chekundu, kimeshonwa kwa mkono wa mtu anayejua nyaya kuliko nyuzi. Bi Kwanini alikitambua, ila hakusema kitu, kwa sababu asubuhi ile damu ilikuwa imerudi nyekundu. Ndani ya teksi alimwambia, na Fundi akamshika mkono asiuachie mpaka walipofika.

Daktari alipitisha kifaa. Akakisogeza, akarudia. Kusubiri kule kulikuwa kurefu kuliko ngazi zote za lile jengo.

"Haya," akasema, akageuza kioo. "Tazameni wenyewe."

Kile kitone kilikuwa kimekua, kimeanza kuwa na umbo, na katikati yake moyo ulikuwa unapiga kwa haraka zake. Doa jeusi lilikuwepo bado, ila limesinyaa.

Fundi alikuwa hajawahi kuuona. Alikisogelea kioo mpaka daktari akamrudisha nyuma kwa upole. Kisha akasema, bila kumtazama mtu:

"Daktari, siku moja kabla ya damu alikuwa amepanda ngazi na jora. Lifti niliifunga mimi. Ni hilo?"

Bi Kwanini akafumba macho.

"Hapana," daktari akasema. "Hili linampata anayebeba mizigo na asiyebeba chochote. Si ngazi zake, si lifti yako."

"Sasa chanzo ni nini?"

"Hakijulikani."

"Kabisa?"

"Kwake yeye, kabisa. Na bado siwaahidi kitu. Mrudi tena, na mkiona dalili nilizotaja, msingoje."

Fundi alijifuta uso kwa leso ambayo Bi Kwanini aliitambua kuwa ya Mama Vifungo.

Lifti ya hospitali ilifunguka ikilia kama bawaba kavu. Fundi akasimama mlangoni, akainamisha kichwa kusikiliza.

"Inalia," akasema.

"Kwa nini?"

"Sijui." Akaangalia juu, akaangalia chini. Akaingia.

Ndani mlikuwa na muuguzi na mzee mwenye mkongojo. Mlango ulipofungwa, Fundi akasema, "Nataka kukuoa."

"Kwa nini?"

Muuguzi akageuka. Mzee naye akageuka. Fundi alifungua mdomo, yeye ambaye alikuwa na sababu ya kila kitu, akaufunga.

"Nimetafuta," akasema. "Sijakiona chanzo."

"Kama ni kwa ajili ya mtoto, Fundi, mtoto anaweza asikae. Umemsikia daktari. Nina damu hapa nilipo."

"Nimesikia. Mtoto akikaa, niko. Asipokaa, niko. Lifti hii ikikwama, Bi Kwanini, nataka safari hii niwe ndani na wewe, si juu na tochi."

Lifti ilitikisika, ikalia, ikaendelea kushuka. Bi Kwanini alimsogelea. Alinyoosha mkono, akakishika kile kifungo chekundu kwa vidole viwili, akakigeuza aone uzi ulivyopita kwa nyuma.

"Umekishona vibaya," akasema, na machozi yanamtoka. "Tukifika nyumbani vua shati, nikishone upya."

"Hiyo ni ndiyo?" mzee mwenye mkongojo akauliza, maana Fundi alikuwa hawezi kuuliza.

"Ndiyo, baba," akasema Bi Kwanini. "Ni ndiyo."