Mteja wa Niwekee

Kila asubuhi, kabla jua halijapata ukali, Gaudensia na mama yake Jenoveva walikuwa wameshafika soko la Mwigobero, pale mjini Musoma ambapo boti za visiwani hushusha mizigo. Gaudensia alifungua magunia ya dagaa, akawapepeta kuondoa mchanga, akawajaza kwenye sado, vile vindoo vya kupimia, na kuzipanga mezani. Kazi ya kuita wateja ilikuwa ya mama, na sauti alikuwa nayo.

Asubuhi moja ya mwezi wa tisa mama aliamka na hasira. Jana yake mteja mmoja alikuwa amemwambia, "Mama, niwekee gunia hilo, narudi sasa hivi," kisha akaenda kununua dagaa kwenye meza ya tatu. Gunia lilikaa kutwa nzima. Watu watatu waliliulizia, mama akawajibu kwamba lina mwenyewe. Jioni mvua ikanyesha, dagaa wakashika unyevu, na sasa walikuwa wananuka.

"Hawa wateja wa niwekee siwapendagi kabisa," mama alisema huku akimwaga dagaa wale kwenye turubai. "Bora anayeniambia bei yangu mbaya akaondoka zake. Huyu kaninyima mimi, kawanyima na wenzake, na yeye mwenyewe hakula."

"Watu wengine hawana hata aibu," Gaudensia alisema, akacheka.

Gaudensia alikuwa na miaka kumi na saba. Alimaliza kidato cha nne mwaka uliopita na kufaulu vizuri, na sasa alikuwa anasubiri majibu ya vyuo viwili. Kimoja kilikuwa chuo cha uuguzi kule Bunda, kinachoendeshwa na masista. Cha pili kilikuwa chuo cha utabibu cha Mwanza, chenye jina kubwa na nafasi sitini tu, zinazogombewa na maelfu. Moyo wake wote ulikuwa Mwanza. Bunda aliomba kwa sababu Dorah aliomba.

Dorah alikuwa rafiki yake wa dawati moja, mtoto wa mvuvi wa Bukima. Aliomba Bunda peke yake, kwani nauli ya kwenda kwenye usaili wa mbali hakuwa nayo. Hata simu hakuwa nayo. Kwenye fomu, pale panapoulizwa namba ya mawasiliano, aliandika namba ya Gaudensia.

Majibu ya Bunda yalikuja kwanza. Gaudensia alichaguliwa. Dorah aliwekwa orodha ya akiba, namba moja, maana yake mwenye nafasi mmoja tu akijitoa, Dorah anaingia. Waliochaguliwa walitakiwa kwenda chuoni kuthibitisha kabla ya Ijumaa saa kumi. Mwanza walikuwa bado hawajasema kitu.

"Wewe Bunda utaenda kweli?" Dorah alimuuliza siku ya Jumatano, wakiwa wamekaa nyuma ya meza ya dagaa. "Niambie tu. Baba amesema nikikosa chuo mwezi huu, natakiwa Rukuba kwa mjomba, nikapikie wavuvi kambini. Kwa hiyo nataka nijue."

Gaudensia aliangalia simu yake kana kwamba kuna ujumbe. "Nitaenda," alisema. "Mwanza si nitakosa tu?"

Ulikuwa uongo, na aliusema bila kigugumizi. Ijumaa alipanda gari la Bunda, akaacha ofisini cheti chake halisi cha kuzaliwa, akapewa fomu ya kusaini. Juu ya mahali pa sahihi paliandikwa: "Nathibitisha kwamba nitajiunga na chuo hiki, na sisubiri nafasi ya chuo kingine chochote." Aliisoma mara mbili. Kisha akasaini.

"Nimejiwekea akiba," alimwambia mama yake jioni. "Mwanza wakinikataa, Bunda ipo."

"Umefanya akili," mama alijibu, akaendelea kukoroga uji.

Jumatano iliyofuata Dorah alipanda boti ya Bernado kwenda kisiwa cha Rukuba. Alibeba mfuko mmoja wa nguo na daftari lake la biolojia.

Bernado alikuwa nahodha mpole mwenye kofia ya sufu asiyoivua hata kwenye jua. Alileta dagaa wa Rukuba Mwigobero kila Jumatano na Jumamosi. Safari ya kwanza aliposhusha magunia ya mama Jenoveva, alimgeukia Gaudensia. "Mwenzako anakusalimia. Anauliza, wale wa Bunda wamepiga?"

"Bado, baba mdogo."

Safari ya pili aliuliza tena, na ya tatu vilevile. "Anaulizaga hata kabla sijafunga kamba ya boti," Bernado alisema. "Niseme nini?"

"Mwambie bado."

Ukweli ni kwamba Bunda walikuwa wamepiga. Chuo kilikuwa kimefunguliwa, Gaudensia hakwenda kuripoti, na namba yao ilipotokea kwenye simu alijua wanamtafuta yeye. Angewaambia nini? Aliiacha ikaita mpaka ikanyamaza. Ikaita tena kesho yake, na keshokutwa. Mara ya nne aliizima simu kabisa, akaitia kwenye ndoo ya sado tupu na kuifunika kwa kitambaa, akarudi kupepeta dagaa.

Wiki ya tatu, simu ikiwa imeshawashwa tena, Mwanza walijibu kwa ujumbe. Amechaguliwa. Mama alipiga vigelegele mpaka watu wa meza za jirani wakaja kuuliza kuna nini. Gaudensia naye alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali, kwa sababu ujumbe uliendelea: afike na cheti halisi cha kuzaliwa. Nacho kilikuwa Bunda.

Walikwenda wote wawili, yeye na mama yake. Sista Ursula, mkuu wa chuo, aliwakaribisha ofisini kwake.

"Tumsifu Yesu Kristo," mama alisema.

"Milele amina. Karibuni. Gaudensia, tumekusubiri wiki tatu."

"Nimekuja kuchukua cheti changu, Sista. Nimepata Mwanza."

Sista hakufoka. Alifungua faili, akatoa fomu na kuisukuma mbele yake. "Nisomee hapo juu ya sahihi yako. Kwa sauti, mama naye asikie."

Gaudensia alisoma. Neno "sisubiri" alilisoma kwa sauti ya chini.

"Siku ile ulikuwa unasubiri?"

"Nilikuwa nasubiri, Sista."

Sista aliinuka, akawaongoza hadi bweni la wasichana. Vitanda vilikuwa vimetandikwa, ndala zimepangwa chini yake. Cha mwisho dirishani kilikuwa na godoro lililofungwa bado kwenye nailoni. Kwenye ubao wa kitanda hicho palikuwa na karatasi yenye jina la Gaudensia.

"Tulikataa watu mia nne," Sista alisema. "Hapa hajalala mtu, na mwaka huu wote hatalala mtu."

"Mpe Dorah, Sista! Dorah Makongoro, yule wa akiba. Hata leo anaweza kuja."

"Orodha ya wanafunzi tuliifunga jana saa kumi na kuipeleka inakotakiwa. Haiongezwi jina." Sista aligeukia vitanda vingine. "Halafu huyo Dorah tulimtafuta. Wiki ya kwanza kuna mwanafunzi aliyeacha chuo, nafasi ikawa ya Dorah. Tukampigia simu mara nne, hakupokea. Tukamwita wa namba mbili kwenye akiba. Amelala kitanda kile pale."

Gaudensia alikitazama kitanda kile.

"Mlipiga namba gani, Sista?" mama aliuliza.

Sista aliitaja kutoka kwenye karatasi zake. Mama Jenoveva hakusoma sana, lakini namba ya binti yake aliijua kama jina lake. Alikaa polepole juu ya lile godoro la nailoni, akashika kichwa.

Hapo Gaudensia alisema yote: uongo aliomwambia Dorah, simu aliyoiacha ikilia, salamu za Bernado. Alilia, na hakuna aliyembembeleza.

"Na mimi nina kosa," mama alisema mwishowe. "Aliniambia amejiwekea akiba, nikamsifu."

Sista Ursula aliwarudisha ofisini. Alieleza kwamba mwezi wa tatu chuo kitapokea wanafunzi wengine, na Dorah bado ndiye wa kwanza kwenye orodha. Akaandika barua, akaigongea muhuri, akaiweka juu ya cheti cha Gaudensia na kumsogezea vyote viwili. "Mwezi wa tatu ni mbali. Hiyo miezi ameshaipoteza, na siwezi kumrudishia. Barua hii utaipeleka wewe, Gaudensia, mkononi mwake. Na maneno uliyoniambia mimi, utamwambia yeye."

Jumamosi walipanda boti ya Bernado. Gaudensia alimwambia ukweli kabla boti haijaondoka. Nahodha alivuta kofia yake chini, akasema, "Mara sita nimemwambia bado," na hakumsemesha tena njia nzima.

Rukuba walimkuta Dorah nyuma ya kibanda cha mabati, akisonga ugali wa watu kumi na wawili kwa mwiko mrefu kama kasia. Macho yalikuwa mekundu kwa moshi. Mkono wa kushoto ulikuwa na kovu bichi la kuungua, na alikuwa amekonda. Alipowaona alitupa mwiko, akakimbia.

"Wamepiga?"

Gaudensia alimwambia. Alisema palepale, amesimama, mbele ya mama yake na Bernado, bila kuruka kitu.

Dorah alisikiliza mpaka mwisho. Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. "Kwa hiyo ilikuwa inalia mkononi mwako," alisema. Kisha akaipokea barua, akaisoma mara tatu, akaingia kibandani kufungasha.

Gaudensia alimfuata kumsaidia. Alipokunja mkeka wa kulalia aliona panga chini yake.

"La nini hili?"

"Mlango haufungi," Dorah alisema, akaendelea kukunja nguo.

Gaudensia aliliweka panga chini. Kuanzia siku hiyo hakuweza tena kusema neno akiba bila kuliona lile panga.

Mama Jenoveva alikuwa ameshakwenda Bukima kuongea na baba yake Dorah. Barua ikiwepo, alikubali binti yake akae Musoma mpaka mwezi wa tatu, nyumbani kwa mama Jenoveva, asome na kujiandaa. Walipanda boti saa nane. Dorah alikaa mbele, amewapa mgongo.

"Gau," mama alisema, katikati ya ziwa, "kusubiri si kosa. Kila mtu anasubiri. Ungewaambia Bunda, jamani, Mwanza bado hawajanijibu, wangekupa siku au wangekunyima, na Dorah angejua mapema lililo lake. Hukutaka kuumia hata kidogo, ukashika viwili kwa uongo. Kumbe maumivu hayakuondoka, ulimbebesha mwenzako. Mimi miaka yote nawagombeza wateja wa niwekee, na mmoja nimemzaa mwenyewe."

Gaudensia alisogea mbele kwa magoti, boti ikiyumba, akaitoa simu mfukoni.

"Chukua," alimwambia Dorah. "Bunda wana namba hii tu. Wakipiga, wakukute wewe."

Dorah aliitazama simu. "Na Mwanza? Si wana namba hiihii?"

"Wana namba hiihii."

Dorah aliipokea kwa mikono miwili, akaipangusa kwa kitenge, akaangalia kama ina chaji.

"Wakipiga nitapokea," alisema bila kugeuka. "Nitakwambia hapohapo."